Jiwe la Almeda Stribling

Siku mama yake alipozikwa, Verlon Stribling alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti huko California, anamwambia abandike kahawa.

Usikimbilie kumlaani. Laana zipo, na wenye haki ya kuzitoa wapo, wala mimi na wewe si miongoni mwao. Sikiliza kwanza.

Verlon alikuwa kauboi wa filamu na redio, wale wa kofia pana nyeupe na gitaa, wanaoimba juu ya farasi bila kukohoa vumbi. Kazini aliitwa Clay Tarrant. Ukauboi wenyewe, ukitaka ukweli, haukuwa wake. Alizaliwa Bitter Fork, mashariki ya Texas, kwenye misonobari na pamba, na mnyama aliyemjua utotoni ni nyumbu wa kulimia, tena wa kuazima. Farasi alimpanda kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na mmoja, mkataba wa filamu umeshatiwa saini, akaanguka mbele ya wapiga picha wote. Lakini sauti alikuwa nayo. Hiyo aliirithi kwa mama yake, Almeda, mwanamke aliyekuwa akiimba tenzi huku anachuma pamba, na akinyamaza safu nzima ya wachumaji inapunguza mwendo.

Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni kipindi chake kilisikika nchi nzima, kwa hisani ya Unga wa Kengele Mbili. Nyimbo nne, kisa kifupi cha majambazi kushindwa, tangazo la unga, kisha kwaheri. Kwato za farasi zilikuwa vifuu viwili vya nazi vilivyogongwa juu ya sanduku la mchanga na mzee mmoja mwenye pumu. Naye Verlon, juu ya mlio wa vifuu, alimaliza kwa maneno yale yale: "Mama, bandika kahawa. Farasi nimeshamtandika, nakuja."

Mara ya kwanza, mwaka 1938, haikuwa hila. Zilibaki sekunde saba, nyimbo zimekwisha, na yeye alikuwa amekumbuka nyumbani. Wiki iliyofuata zikaja barua magunia matatu. Watu wazima walisema wamelia jikoni kwao. Bwana Pruett, mtu wa kampuni ya unga aliyesimamia kipindi, akaitia salamu ile kwenye mkataba. Tangu hapo Verlon akawa hamsalimu tena mama yake. Alikuwa anatimiza kifungu cha tisa.

Ikaenda hivyo miaka tisa. Filamu thelathini na nane, kila moja siku nane, kwenye vilima vile vile vya mawe, na majambazi wale wale waliobadilishwa masharubu tu. Nyimbo alizirekodi mapema studio, halafu vilimani santuri ikapigwa kutoka kwenye gari, naye juu ya farasi akafungua na kufunga mdomo kuifuata. Alizoea. Sauti yake inatoka kule, yeye yuko huku, na wote wawili wanalipwa.

Telegramu ya dada yake ilifika Jumanne asubuhi, Februari 1947. Mama amefariki alfajiri. Tunazika Alhamisi. Njoo. Ouida.

Verlon alimpelekea Bwana Pruett telegramu hiyo ofisini kwake. Pruett aliisoma, akavua kofia.

"Pole sana, kijana wangu. Pole kabisa. Mimi wangu alikufa nikiwa vitani, najua."

"Kuna treni saa sita."

"Ipo. Panda." Pruett akaikunja ile telegramu polepole. "Sikukatazi. Mimi ni nani nikukataze? Nasema tu kwamba kesho na keshokutwa tunarekodi vipindi vinne, na Ijumaa unaondoka na watu wa filamu, na bila vipindi vinne redio itakuwa kimya mwezi mzima. Lakini mama ni mama. Amua mwenyewe."

Verlon alisimama kwenye ujia akisubiri akatazwe. Angekatazwa angegomba, na angegomba angeondoka. Hakuna aliyemkataza. Saa sita ikapita, treni ikaenda zake, na yeye alikuwa bado amesimama pale, koti mkononi.

Kwa hiyo Alhamisi, wakati Bitter Fork wanashusha jeneza, alimwambia mama yake abandike kahawa mara nne. Ya nne karatasi ilichakarisha, fundi akaomba irudiwe, ikawa tano. Alisubiri maumivu yaje. Hayakuja. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, basi.

Baada ya mazishi Pruett alisafiri mwenyewe hadi Bitter Fork. Aliwakusanya watu kanisani, akasema kwa adabu, kofia mikononi, kwamba nchi nzima inampenda Mama Stribling, na ikisikia amekufa moyo wa nchi utavunjika, na kipindi nacho kitakuwa mashakani. Aliomba wasiseme nje. Mpaka msimu uishe tu, Juni. Gazeti la mji lilishakubali. Na jiwe la kaburi, aliomba, lisubiri kidogo nalo, maana wapenzi wa kipindi walishaanza kufika na kamera.

Alileta na gunia la unga kwa kila nyumba. Wako waliosema Bitter Fork ilinunuliwa kwa unga. Uongo! Unga walikula, ndiyo, nani atatupa unga? Lakini walinyamaza kwa ajili ya Verlon. Alikuwa mtoto wao, mtu pekee aliyetoka kwenye zile safu za pamba akafika mahali, na mcheza kwao hutunzwa. Mzee Loftis, shemasi wa kanisa, aliyelibeba jeneza la Almeda kwa bega lake mwenyewe, alisema, "Funika kombe mwanaharamu apite. Juni si mbali."

Juni ikaja, msimu ukaisha, na msimu mpya ukaanza Septemba. Mkataba mpya ulikuwa na kifungu cha tisa kile kile.

Ouida alikuwa dada mkubwa, mjane wa Buck Tidwell, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Yeye ndiye aliyebaki na Mama mpaka mwisho, na sasa ndiye aliyejibu barua zake. Ziliendelea kuja, magunia kwa magunia, na mabirika ya kahawa pamoja nazo, maana watu walikuwa wamejiambia kwamba mwanamke anayebandika kahawa kila Jumamosi bila shaka birika lake limechakaa. Ouida alikuwa na mabirika arobaini na moja. Alijibu kila barua, akaweka saini ya Almeda. Kwa ajili ya hayo yote aliomba kitu kimoja tu, na alikiomba kwa barua na kwa simu, kila mwezi: jiwe kichwani pa mama yake, lenye jina.

"Msimu ukiisha, dada," Verlon alijibu.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Verlon."

"Msimu ukiisha."

Mwishowe Ouida alichukua ubao wa mwerezi, akachoma jina la mama yake kwa chuma cha moto, akausimika mwenyewe.

Bitter Fork Jumapili ya tatu ya Mei ni siku ya makaburi. Watu wanakuja na majembe, reki, kuku wa kukaanga, maharage, mikate ya mahindi na mapai, na asubuhi yote wanaparua majani mpaka udongo ubaki mtupu, halafu wanauinua upya kuwa tuta, kaburi lionekane kama la jana. Kisha wanaimba, wanakula palepale. Kila nyumba na wafu wake. Kaburi la mtu mwenye mwana hai haliguswi na jirani hata liote miti. Ukiligusa, umemwambia huyo mwana kwamba na yeye amekufa. Hilo watu wa kule hawana mzaha nalo kabisa.

Mwaka 1948 Verlon alikuja. Alipiga jembe na dada yake, mikono ikamtoka malengelenge, watu wakamtania.

"Clay Tarrant huyo!" alisema Bi Eula Mabry, jirani yao wa tangu zamani, aliyekuwa rafiki wa Almeda. "Majambazi kumi unawapiga peke yako, jembe moja linakushinda?"

"Majambazi hawana mizizi, Bi Eula."

"Mikono laini kama ya mke wa mchungaji. Mama yako angekucheka mpaka akae chini."

Karibu na tuta la Almeda, hatua tatu, kulikuwa na tuta lingine, la kibarua wa kiwanda cha mbao aliyeangukiwa na gogo kabla hajamwambia mtu anaitwa nani. Hakuwa na ndugu, basi Ouida alilishughulikia hilo nalo, akaliinua sawa na la mama yake. Ndivyo alivyokuwa. Verlon alikuwa amesimama katikati ya matuta hayo mawili, anafuta jasho, gari la kijani lilipoingia langoni.

"Wageni hao," alisema Bi Eula.

Mkono wa Verlon ulitenda wenyewe. Aliung'oa ubao wa mama yake, akaulaza majanini, jina likiwa chini. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Ouida alibaki na jembe hewani.

Walikuwa mume na mke kutoka Arkansas. Mwanamke alishuka mbio, kifurushi kifuani.

"Ni yeye! Harl, si nilikwambia ni yeye? Bwana Tarrant, tumeendesha siku mbili! Mama yuko wapi? Tumemletea birika."

"Hajambo," Verlon alisema. Ile sauti ya Jumamosi ilimtoka bila kuitafuta. "Yuko nyumbani, miguu inamsumbua kidogo. Nitamfikishia. Atafurahi sana."

"Mungu ambariki! Mwambie tunambandikia na sisi, kila Jumamosi." Mwanamke akalitazama tuta lililoparuliwa. "Na huyu mnayemsafishia ni nani?"

"Jirani," Verlon alisema. "Jirani tu."

Watu themanini na zaidi wamesimama na majembe yao, na kila mmoja amesikia. Mzee Loftis alikuwa anaangalia ndani ya kofia yake. Wale wa Arkansas walipiga picha na Verlon, wakala pai, wakasifu pai, wakaenda zao.

Ouida alingoja mpaka vumbi la gari likatulia.

"Jirani," alisema.

"Dada, nisikilize..."

"Huyo jirani alikunyonyesha? Huyo jirani alishona shati lako la kwanza kwa gunia la unga, akakaa siku nzima bila kula upate nauli ya kwenda kuimba? Sema tena hilo neno hapa hapa juu yake, nikusikie!"

"Wangeandika magazetini."

"Waandike! Kwani amefanya aibu gani? Amekufa tu! Watu wote wanakufa, Verlon, hata wewe na kofia yako!"

Verlon akainama kuuokota ubao. Ouida akaukanyaga kwa kiatu.

"Uache. Ukiurudisha leo, gari lingine likija utaung'oa tena. Siku utakayoleta jiwe, jiwe lisilong'oleka kwa mkono mmoja, ukalisimika wewe mwenyewe mbele ya watu hawa hawa, siku hiyo Mama atakuwa na jina. Mimi hapa sisimiki tena hata kijiti. Wewe ndiye uliyemng'oa."

"Msimu ukiisha, Ouida. Naapa."

"Usiape hapa. Hapa wanasikia."

Alikuwa analia kwa hasira, na Verlon alimtazama akimwonea wivu kwa machozi yake.

Ouida alitimiza neno lake. Mwaka uliofuata aliparua, akainua matuta yote mawili, la Almeda na la yule kibarua, bila alama yoyote. Na mwaka wa 1950 vivyo hivyo. Oktoba mwaka huo akafa kwa nimonia, siku sita tu kitandani.

Safari hii Verlon aliwahi. Ouida alizikwa kwa ukoo wa mumewe, kanisa la Tidwell, maili kumi na mbili kutoka Bitter Fork. Watu walimpa pole, na baada ya pole wakampa kalamu. Alitia saini vitabu viwili vya tenzi na bandeji ya mguu wa mtu. Bi Eula alimshika mkono akamwuliza, "Lile jiwe, mwanangu?" Akajibu kwamba msimu ndiyo kwanza umeanza. Alisikia maneno yakimtoka, akayatambua, akapanda treni.

Barua za Mama tangu hapo zilijibiwa na wasichana wawili wa ofisini kwa Pruett. Walikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa Ouida.

Halafu mambo yakaisha, kama yanavyoisha kila mara, bila kishindo. Watu walinunua televisheni, Jumamosi jioni wakawa wanatazama mieleka. Studio ikaacha filamu za siku nane. Juni 1952 Bwana Pruett alimwita, akamwambia kampuni imeona itangaze unga wake kwa bata wa kuchorwa anayeoka keki.

"Bata," alisema Verlon.

"Watoto wanampenda. Na bata haugui." Pruett akacheka, kisha akaona aibu. "Clay, nataka kukwambia kitu. Lile jambo la mama yako, nilidhani utakataa. Mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa na barua tayari mezani, ya kuwaambia wakubwa kwamba umekataa na mimi nimekubali. Nilikuwa nangoja tu useme."

Verlon alimtazama. Alijua kwamba hapa mtu angemrukia mwenzake kooni, au angalau angepiga meza. Alimpa mkono, akamshukuru kwa miaka kumi na nne.

Sasa hapakuwa na msimu. Alikaa nyumbani kwake majira ya baridi yote, akasubiri moyo umsukume, na moyo haukumsukuma. Aliagiza jiwe hata hivyo. Granaiti ya kijivu, urefu wa kiuno cha mtu, na juu yake: ALMEDA RUTH STRIBLING, MAMA. Tarehe ya kufa aliipata kwenye ile telegramu. Alimwambia Hockaday, mchonga mawe wa mji mkuu wa wilaya, alilete Bitter Fork kwa lori, Jumapili ya tatu ya Mei, 1953, mbele ya watu.

Alifika mapema, kofia ya kawaida ya kahawia kichwani, jembe begani. Watu walimsalimia vizuri. Walipoliona lori la Hockaday na jiwe limefungwa kamba nyuma, wanaume walivua kofia, na Bi Eula alipiga makofi mara moja.

"Leo," alisema. "Asante Yesu. Leo Almeda anapata jina. Ouida, unaona?"

Wakatembea wote hadi upande wa makaburi ya akina Stribling. Na hapo wakasimama.

Palikuwa na majani. Toka Ouida afe, Mei mbili zilipita bila mtu kupiga jembe pale. Majirani walipita na majembe yao, wakaangalia pembeni, kwa sababu Almeda ana mwana hai. Walimheshimu. Mvua za miaka miwili na nusu zikayalaza matuta, sindano za misonobari zikafunika, na sasa kulikuwa na ardhi iliyobonyea kidogo mahali pawili, hatua tatu kutoka moja hadi nyingine. Moja upande wa lango. Moja chini ya mwerezi.

"Ni lipi?" Verlon aliuliza.

"Hili la mwerezi," alisema Bi Eula.

"La langoni," alisema Mzee Loftis wakati huo huo.

Wakageukiana.

"Loftis, usinianze. Nilisimama hapa, kivuli cha mwerezi kinanipiga usoni."

"Kivuli gani? Mwerezi huo wakati ule ulikuwa unafika gotini."

"Goti lako au la farasi?"

"Mimi nilibeba jeneza, Eula!"

"Ulibeba upande wa miguu, na ulikuwa umekunywa shira ya kikohozi chupa nzima. Ulimwita mchungaji 'Mama'."

Watu wakacheka, na Verlon naye akatabasamu, kisha kicheko kikaisha na wale wazee wawili walikuwa bado wanatazamana, kila mmoja ana hakika. Wakaulizwa wengine. Mmoja akasema mwerezi. Wawili wakasema langoni, halafu mmoja wao akabadilisha. Aliyechimba alishahamia Houston, akafia huko. Kitabu cha kanisa kiliandika safu tu.

"Ouida alijua," alisema Bi Eula. Sauti yake ilishuka. "Ouida alikuwa anajua hata gizani. Sisi tulimwachia yeye."

Hockaday, mtu wa kazi, asiyejua hadithi yoyote ya pale, aliuliza kama hawawezi kufukua kidogo kutazama. Mzee Loftis alimtazama kwa jicho ambalo lilimfanya aombe radhi. Basi Hockaday akamgeukia Verlon.

"Wewe si mwanawe? Siku ya mazishi ulisimama upande gani? Kumbuka mlipotoka kanisani, mkaja huku, ukasimama wapi?"

Watu wote wa Bitter Fork walijua, na kwa miaka sita hakuna aliyewahi kulitaja mbele yake.

"Sikuwepo," alisema Verlon.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Kazini."

Hockaday akageuka, akakaza kamba za jiwe.

Verlon akajaribu kuikumbuka ile Jumapili ya gari la kijani. Jembe lilikuwa mkononi. Dada yake hapa, Bi Eula pale. Alikumbuka nguo ya mwanamke wa Arkansas, ya buluu, yenye vifungo vikubwa. Alikumbuka hata uzito wa birika alilopewa. Alisimama katikati ya matuta mawili, lakini uso ulielekea wapi? Ulielekea gari. Lipi lilikuwa kulia? Ubao aliung'oa kwa mkono gani? Alitazama mikono yake yote miwili, na haikumwambia kitu. Hapo ndipo alipoona, kwa utulivu, kama mtu anavyosoma bango la mbali, kwamba alimng'oa mama yake siku ile kweli kweli, na kwamba jiwe la mwaka wowote kabla ya Oktoba 1950 lingetosha, na kila mwaka aliambiwa.

Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa kusini. Hockaday alikuna shingo.

"Bwana Stribling, sitaki kuharakisha mambo ya watu. Ila lori halifiki pale kwenye mwerezi. Mizizi. Nitahitaji wanaume sita na magogo ya kuviringishia, labda turudi kesho. Hapa langoni nashusha sasa hivi."

"Tungoje," alisema Bi Eula. "Verlon, mwanangu, tungoje tu. Tumuulize Mungu. Niwaandikie watu wa Houston. Mimi sina haraka, na yeye hana haraka."

Watu wote walimtazama Verlon. Alikuwa amezoea kutazamwa, na alizoea kwamba mtu akitazamwa sharti afanye kitu. Alisubiri moyo wake useme lolote, mwerezi au lango, hata kwa kunong'ona. Ulikuwa kimya kabisa.

Akanyoosha kidole upande wa lango.

"Hapo," alisema.

"Umekumbuka?" Bi Eula aliuliza.

"Ndiyo," alisema Verlon. "Nimekumbuka."

Ilikuwa sauti ya Jumamosi, na masikio ya Bitter Fork yalikuwa yameisikia sauti hiyo miaka kumi na nne. Walivyomnyamazia siku ile ya birika, wakamnyamazia tena, kwa upendo ule ule, na labda kwa uchovu kidogo. Mzee Loftis, aliyeshinda ubishi, hakujisifu.

Lori likarudi nyuma taratibu, minyororo ikalia, jiwe likashuka likasimama wima. Lilikuwa jiwe zuri, hata mchonga mawe mwenyewe alilipapasa. Verlon alipiga jembe, akaparua, akainua tuta mbele yake, likawa kama kaburi la jana. Wanawake wakaimba utenzi mmoja, na walipomwangalia aongoze ubeti wa pili alitikisa kichwa, wakaendelea bila yeye. Kisha wakaja mmoja mmoja kuweka maua.

Bi Eula alikuja wa mwisho, na maua meupe ya bustanini kwake ndani ya kopo. Alisimama mbele ya jiwe, akalisoma lote, tarehe na jina. Alimpapasa Verlon mkono. Kisha akalipita jiwe, akatembea hatua tatu ndani ya majani marefu, akapiga magoti kwa shida chini ya mwerezi, akaliweka kopo lake pale.